Zamu yetu ya maji ni Jumanne usiku

Kwetu ni Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, upande wa juu. Nyumba iko kwenye mgongo mwembamba kati ya makorongo mawili, ukisimama nyuma ya banda la ng'ombe unasikia maji chini kushoto na chini kulia ila huyaoni, migomba imeziba kila kitu. Saivi naishi Moshi mjini, kazi iko mjini, watoto wanasoma mjini, lakini kihamba, yani shamba la ukoo lenye nyumba, ni changu kwa sababu mi ndo kitinda mimba na kwetu nyumba ya wazazi inabaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho. Kaburi la baba lipo pale pale, juu kidogo ya kahawa, limezungushiwa masale. Mama yupo, ana ng'ombe wawili na mbuzi, na mgongo wake hauko vizuri siku hizi.

Nataka niongelee maji, hasa mfongo, kwa wale ambao mmekulia mjini mfongo ni mfereji wa asili, unachepushwa kutoka mtoni juu kabisa karibu na msitu, unatembezwa pembeni pembeni mwa korongo mpaka unatokea mgongoni kwenye nyumba za watu. Maji yanaachana na mto taratibu, mto unashuka kwa kasi wenyewe mfongo unashuka kidogo kidogo, ukitembea kilomita mbili unakuta mto uko chini shimoni huko na mfongo uko usawa wa miguu yako. Ukiuangalia haraka unaweza kuapa maji yanapanda mlima. Waliochimba hawakuwa na kipimo chochote zaidi ya macho na maji yenyewe, walichimba hatua chache, wakaachia maji waone yanakubali au yanagoma, wakaendelea. Kuna sehemu wamekata mwamba kabisa. Kuna sehemu walipitisha maji juu ya gogo lililochimbwa katikati ili yavuke kijito. Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameona theluji huku, yule mmisionari Johannes Rebmann mwaka 1848, kwao walimbishia kweli kweli kwamba haiwezekani theluji iwe karibu na ikweta, na mi huwa nafikiri wakati wanabishana huko, babu zetu huku walikuwa wanapeana zamu za kumwagilia.

Sasa hapa kwenye theluji ndo nina la kusema. Nimekua nikiamini maji yetu ni theluji iliyoyeyuka ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Kila mtu kwetu anaamini hivo, na ukiangalia mlima asubuhi unaona weupe ule umebaki vipande vipande unajiambia basi tumekwisha. Na kupungua ni kweli, hakuna ubishi, mwaka 1912 barafu ilipopimwa ilikuwa kama kilomita za mraba 12, miaka mia baadaye imebaki chini ya 2. Inauma kwa sababu mlima ule ndo sura yetu. Lakini maji ya mfongo wetu hayatoki kule. Kule juu ni zaidi ya mita 5,000, kukavu na baridi kali, barafu nyingi inapotea moja kwa moja hewani bila hata kuwa maji, na kile kidogo kinachoyeyuka ni tone ukilinganisha na kinachotoka msituni. Mito yetu inatoka msituni, karibu yote.

Fikiria safari yenyewe. Ukipanda haisi pale stendi Moshi uko kama mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, umevaa shati na jasho linakutoka. Kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nyuzi 0.6, ukifika kwetu ambako ni kama 1,500 umepoteza nyuzi nne hivi, na mwezi wa saba hizo nyuzi nne ni sweta, koti na moto wa kuni. Mvua nayo inabadilika. Mjini kwa mwaka inanyesha kama milimita 900, ukipanda mpaka Lyamungu ambako ndo kituo cha utafiti wa kahawa inapita 1,500, ukiingia msituni kwenye mita 2,000 na kidogo inapita 2,000 kwa raha. Baada ya hapo inaanza kupungua tena, juu ya msitu kunakuwa na vichaka, afu majani makavu, afu mawe matupu, kileleni ni jangwa. Yani mlima wetu umevaa maji kiunoni tu.

Sababu ni upepo wa kutoka baharini, kusini mashariki. Unakuja na unyevu wake kutoka Bahari ya Hindi, unakutana na mlima, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, ukipoa unaangusha mvua, na inaangukia upande wetu wa kusini ndo maana Kibosho, Uru, Machame, Marangu kuna kijani kiasi hiki, wakati ukizunguka nyuma kaskazini ni pakavu kabisa mlima ukiwa ule ule. Na hata siku isiyo na mvua, jua likiwaka hewa inapanda na mawingu yanapanda nayo, kwahiyo mlima unauona alfajiri mpaka saa nne hivi, baada ya hapo unajifunika. Mama hajawahi kusoma haya mahali lakini nguo zake zinaanikwa saa moja asubuhi na kabla ya saa nane zimeanuliwa. Ule ukungu ukiingia msituni unakamatwa na matawi, kule kwenye miti mikubwa iliyoota kuvu na ndevu zile za kijivu zinazoning'inia, ukishika moja ukaikamua mkononi yanatoka maji kabisa kama umekamua kitambaa. Mvua haijanyesha lakini chini ya mti kunadondoka. Hayo ndo maji yetu.

Kwahiyo moto ukiwaka kule juu mi huwa silali. Oktoba 2020 uliwaka, Oktoba 2022 ukawaka tena, tukiwa mjini usiku tunaona mstari mwekundu mlimani kama barabara yenye taa. Watu wengi walikuwa wanasikitikia hifadhi na watalii, na ni sawa, lakini kinachoungua pale ni ukanda wa juu wa msitu ambao kazi yake ni kunasa ukungu, ukiungua hauoti tena kirahisi kwa sababu baridi na ukavu, moto unarudi kabla miti haijakua. Kila moto msitu unasogea chini. Ningependa watu wetu wawe na hofu na hilo angalau nusu ya wanavyoihofia barafu.

Haya, kihamba chenyewe. Ni kama ekari moja na nusu, kwetu hiyo siyo ndogo. Mtu akija mara ya kwanza anaona pori, anauliza shamba liko wapi, na amesimama katikati yake. Juu kabisa kuna miringaringa na migrevilia na msesewe mmoja wa zamani ambao mama hataki uguswe, ganda lake ndo linatia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Chini yake migomba, mishare ya mtori, ndizi za mbege, kisukari mbili tatu kwa ajili ya wajukuu. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa maharage, na kwenye sehemu yenye unyevu magimbi, na kiazi kikuu kimepanda kwenye mti kimejificha. Ng'ombe hatoki nje, anakula bandani, majani ya migomba na nyasi zinazobebwa kichwani kutoka tambarare, mbolea yake inarudi kwenye mgomba, mgomba unarudi kwake. Mwaka 2011 shirika la FAO liliitambua Shimbwe Juu, hapo jirani zetu Uru, kama urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mfumo huu huu. Nilivyomwambia mama akauliza, sasa wakati wote walikuwa wanafikiri tunakula nini?

Lakini mfumo huu una miezi miwili mibaya. Januari na Februari. Vuli imeisha, masika bado mpaka Machi katikati, jua ni kali, mlima uko wazi kuanzia asubuhi, na migomba inaanza kukunja majani. Hapo ndo mfongo unatakiwa. Na hapo ndo nilipokosea kwa miaka mingi.

Mfongo una kamati yake, una mzee wake, una siku za kusafisha, na kila kihamba kinachopata maji kinatoa mtu mmoja. Usipotoa mtu unatoa hela, kwetu ilikuwa elfu tano. Baada ya baba kufariki mi nikawa natuma hizo elfu tano kwa simu. Nilikuwa naona nimetimiza wajibu, hela ndogo, mama asisumbuliwe, na nauli tu ya kwenda na kurudi na siku ya kazi inayopotea ingenigharimu zaidi. Kila mwaka natuma. Afu mwaka juzi Februari mama akanipigia, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba maji hayajafika wiki ya tatu, Jumanne yetu imepita mara tatu kukavu, na ile migomba ya upande wa korongo imeanguka saba ikiwa na mikungu. Nikauliza kwani hawajasafisha? Akasema wamesafisha, wamefanya walichoweza, walienda tisa.

Vihamba vinavyotumia mfongo ule ni zaidi ya arobaini.

Nikapanda Jumamosi iliyofuata. Tulikutana saa kumi na mbili asubuhi pale njia panda, na kweli niliona aibu, kati ya watu kumi na mmoja wanne walikuwa ni akina mama, na zamani kazi ya mfongo ilikuwa ya wanaume, mwanamke hakuwa anakanyaga kule kwenye banio, pale maji yanapochepushwa mtoni. Mwingine kijana wa kulipwa siyo wa pale. Waliobaki wazee. Mzee wa mfongo ana miaka sabini na kitu, kabeba chepe begani, akaniangalia akasema, "Wewe si ndo wa elfu tano?" Nikamwambia shikamoo meku, yani mzee kwa Kichaga, ndo mimi. Akasema marahaba, shika sululu.

Tulipanda kufuata mfongo, saa nzima na zaidi, na nilikuwa sijapita ile njia tangu nikiwa darasa la sita nikimfuata baba. Mtu ukituma hela unafikiri kusafisha ni kuondoa majani. Majani ndo rahisi. Shida ni fuko. Fuko anachimba kwenye ukingo wa mfongo, anatoboa tundu kwa ndani, kwa juu huoni kitu, maji yanaingia kwenye tundu yanatokea mita kumi chini kwenye korongo yanapotea. Na kaa wa mtoni wanafanya hivo hivo. Mzee anatembea pole pole ameinamisha kichwa, anasikiliza, kabisa anasikiliza, afu anasimama anasema hapa. Mi sisikii kitu. Anachoma chepe, ukingo unazama, unakuta shimo mkono mzima unaingia. Hapo unaziba, na siyo kwa udongo tu maana udongo peke yake unachukuliwa usiku huo huo. Unachukua maganda ya mgomba, yale ya shina, unayapanga kama matofali, katikati unashindilia udongo wa mfinyanzi mwekundu, unakanyaga kwa kisigino, unaweka tena ganda, unakanyaga. Ile ute wa mgomba ukikutana na ule udongo unakamata. Nilikanyaga mpaka kisigino kikaota lengelenge. Matundu kama yale tuliziba kumi na nne siku ile na mzee alisema mengine anayajua lakini hatuna watu wa kuyafikia, kuna sehemu mfongo umepita kwenye genge na unahitaji watu watatu wenye nguvu, mmoja ashikwe kiunoni.

Banio nalo lilikuwa limebomoka. Banio letu ni mawe na magogo na matawi, halijawahi kuwa la saruji, mto ukifura unalibeba na watu wanalijenga upya, ndo lilivyo miaka yote. Tulilijenga kwa saa mbili, maji ya baridi mpaka mifupa inauma, na yalivyogeuka yakaanza kuingia mfongoni mama mmoja akapiga vigelegele, na mi niliona koo limekaba.

Tuliporudi chini nikatembea na mzee nikamuuliza, meku, maji yamepungua kweli? Akasema mto umepungua ndiyo, hasa kiangazi, na watu ni wengi kuliko zamani, na kuna chemchemi mbili juu zilichukuliwa na mradi wa bomba, waliahidi masalio yatarudi mfongoni na hayakurudi. Akasema lakini mwaka ule wa ukame mkubwa, yeye mwenyewe akiwa kijana, mto ulikuwa mdogo kuliko huu na maji yalifika mpaka kihamba cha mwisho. Kwa sababu walikuwa wanatoka watu arobaini.

Sentensi hiyo imenikaa mpaka leo. Sisemi hali ya hewa haijabadilika, imebadilika, masika siku hizi hayaeleweki, mwaka mmoja yanachelewa mpaka mahindi ya tambarare yanakauka yakiwa magotini, mwaka mwingine kama 2024 yanamwagika yote kwa mkupuo mpaka mafuriko nchi nzima. Ila kuna maji ambayo mlima ulitupa na tukayaachia kwenye tundu la fuko. Na sisi ambao hatukuwepo ndo tunaoongoza kulalamika kwamba theluji inaisha.

Tumeondoka kwa sababu, na sitaki kumlaumu mtu. Baba alisomesha watoto watano kwa kahawa, kahawa ya kupeleka kwenye chama cha msingi, ikienda KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro ambao upo tangu 1933, na miaka ile kahawa ilikuwa inajibu. Baadaye bei ikaanguka dunia nzima, madawa ya magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, yakapanda bei, mtu anapulizia kwa hela nyingi kuliko anayouza. Miti ikazeeka. Watu wakaenda mjini, Dar, Arusha, na wanarudi Desemba magari yamejaa barabara nzima, wanakula mtori, wanapiga picha kaburini kwa mababu, tarehe tatu Januari kijiji kimebaki na bibi na ng'ombe. Na kusafisha mfongo ni Januari katikati! Nimependekeza kwenye kamati isogezwe iwe kati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati watu wapo, hata kama ni kwa kulazimishana. Wazee walikuwa wagumu kidogo kwamba sikukuu siyo siku za sululu. Ila Desemba iliyopita tulijaribu tarehe 28 na wakatoka watu thelathini na mmoja, wengine na viatu vya mjini, na lile genge tulilifikia.

Sasa wengi wanang'oa kahawa wanaweka parachichi. Siwapingi, parachichi ina hela, na mimi mwenyewe nina miche sita. Ila parachichi ikipandwa peke yake bila kivuli, bila migomba, ardhi imekaa wazi kwenye mteremko ule, mvua moja ya Aprili inaona kazi yake, udongo unaenda korongoni. Kahawa nimebakiza, nimeondoa mizee nikaweka ile miche mipya ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, inayovumilia magonjwa, mia mbili hivi, na mama anaizungukia asubuhi kila siku kama anahesabu watoto.

Vijito hivi haviishii kwetu. Vinaungana na vingine huko chini mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, afu mto Pangani mpaka baharini, njiani kuna wakulima, kuna wavuvi, kuna umeme. Mzee wa mfongo analijua hilo vizuri, ndo maana banio letu halizibi mto wote, lazima nusu ipite, na hiyo ni sheria kabla ya sheria yoyote iliyoandikwa.

Jumanne iliyopita nilipanda baada ya kazi, nikafika saa mbili usiku. Zamu yetu inaanza saa tatu mpaka saa tisa. Mama alikuwa ameshavaa buti, ameshika kurunzi, jembe limeegemea ukuta. Nikamwambia mama kalale nitafanya mwenyewe. Akasema huwezi, hujui shamba linavyolala. Tukakaa kwenye gogo karibu na kaburi la baba, giza, baridi inashuka kutoka juu kupitia korongo kama mtu amefungua mlango, na kwa muda hakukuwa na kitu. Afu nikasikia majani makavu yanasogea kwenye mfereji. Maji ya kwanza hayana sauti ya maji, yanasukuma takataka mbele yake, yanakuja kama mnyama mdogo. Mama akamulika. Povu, majani, afu maji meusi yanang'aa.

Akainuka, akavuta kipande cha shina la mgomba kilichoziba njia ya kahawa, akakikanyagia upande wa pili na tope, maji yakageuka yakaingia kwenye mashimo ya miche moja baada ya nyingine, na yeye anayafuata anafungua hapa anafunga pale, hanielekezi chochote, nami namfuata nyuma nikiangalia mikono. Saa tisa kasoro akaniambia, "Piga simu kwa mama wa chini pale, mwambie aamke, maji yanakwenda kwake."

Nikapiga. Alipokea mlio wa kwanza.